Pepe Isbert, mzee wa sauti ya kukwaruza

Juzi kwenye kipindi tuligusia filamu za vichekesho za Hispania, zile za watu wanyonge, kila mmoja na kasoro yake, wanaohangaika kusaka mali wanayoamini imefichwa mahali fulani kwa ajili yao. Leo tunamleta mwigizaji aliyewabeba watu wa namna hiyo kuliko wengi: José Isbert, ambaye Wahispania walimwita Pepe.

Alizaliwa Madrid tarehe 3 Machi 1886. Alikuwa mfupi, mnene, uso wa duara. Sauti yake, kadiri miaka ilivyokwenda, ilikwaruza kama ya mtu aliyeshinda mnadani akipiga kelele. Sisi tuliopita vyuo vya utangazaji tunajua sauti kama hiyo inavyopokelewa: unaambiwa ukanywe maji ya uvuguvugu, urudi kesho, na kesho nafasi imeshapata mwenyewe. Isbert alipita mlango mwingine, wa jukwaa la maigizo.

Kwenye filamu aliingia kwa namna ya ajabu. Mwaka 1912 Waziri Mkuu José Canalejas aliuawa kwa risasi mjini Madrid, na watengeneza filamu wakaigiza tukio hilo upesi. Isbert, akiwa na miaka 26, alicheza muuaji. Mtu ambaye taifa zima lingekuja kumwona kama babu yake alianza na bastola mkononi!

Ikapita miaka mingi ya jukwaa, ikaja vita ya wenyewe kwa wenyewe ya 1936 hadi 1939, ukaja utawala wa Jenerali Franco. Jina lake kubwa alilipata uzeeni.

Mwaka 1953, akiwa na miaka 67, alicheza meya katika filamu ya mwongozaji Luis García Berlanga iitwayo Bienvenido, Mister Marshall. Wakati huo Marekani ilikuwa imemwaga fedha kuijenga upya Ulaya baada ya vita, na Hispania haikuwekwa kwenye mpango huo. Katika filamu, kijiji maskini kinaambiwa kuwa Wamarekani watapita. Basi watu wanakopa, wanapamba nyumba, wanavaa mavazi ya jimbo jingine kabisa ili wapendeze machoni pa wageni. Wanapanga foleni, kila mmoja anaandikisha kitu kimoja anachotaka. Mkulima mmoja anaota trekta ikishushwa kwa mwavuli kutoka angani.

Meya huyo, ambaye hasikii vizuri, anasimama barazani juu ya umati na kuahidi kwamba atawapa maelezo. Anarudia kuahidi, na maelezo yenyewe hayaji. Hapo hatuhitaji mkalimani.

Siku ikafika. Magari ya wageni yakaja kwa kasi, yakapita bila kusimama. Kilichobaki ni deni, na wanakijiji wakalilipa kwa kutoa kila mmoja alichonacho. Ukiitazama unacheka, halafu kicheko kinakukwama kooni, maana unawajua watu hao.

Baada ya hapo wakubwa wa filamu walimtafuta. Mwaka 1960 Marco Ferreri, Mwitaliano, alimpa nafasi ya mzee anayetembea vizuri kwa miguu yake lakini anataka kigari cha injini cha walemavu, kwa sababu rafiki zake wote wanavyo naye anabaki peke yake.

Kwetu sisi kazi yake kubwa zaidi ni El verdugo ya 1963, tena ya Berlanga. Isbert ni mnyongaji wa serikali, mpole, karibu kustaafu. Ili familia isipoteze nyumba ya serikali, mkwewe inambidi airithi kazi hiyo, naye hawezi kuua hata kuku. Ilihitaji ujasiri, kwani utawala wa Franco ulikuwa bado unaua wafungwa kweli, na mwaka huohuo.

Wahispania wa kawaida lakini wanamkumbuka zaidi kwa La gran familia ya 1962. Yeye ni babu aliyempoteza mjukuu kwenye msongamano wa Krismasi, katika uwanja mkubwa wa Madrid. Anazunguka akimwita mtoto kwa jina, Chencho, Chencho, kwa sauti ile ile iliyochakaa.

Alifariki Madrid tarehe 28 Novemba 1966, akiwa na miaka 80. Binti yake, María Isbert, naye aliigiza mpaka uzeeni, akafariki mwaka 2011.