Maisha ya Chifu Shingwaukonse, aliyetembea kuomba shule

Safari hii tunawaletea maisha ya mtu wa nchi ya mbali sana, lakini wazazi wengi watayaelewa upesi.

Shingwaukonse alikuwa chifu wa Waojibwe, wenyeji wa asili wa Kanada, kwenye maziwa makubwa. Jina lake maana yake ni Msunobari Mdogo. Katika vita ya mwaka 1812 alipigana upande wa Waingereza. Vita ilipokwisha wageni wakazidi kuingia, na chifu akawaza watoto wataishije katika dunia hiyo mpya.

Mwaka 1832, wakati wa baridi, yeye na wenzake walitoka Sault Ste. Marie wakaenda mpaka York, mji uitwao leo Toronto. Ni karibu kilomita 700, nao walikwenda kwa miguu, wamevaa viatu vya kukanyagia theluji. Sisi tuliowahi kutembea siku nyingi na watoto mgongoni twajua safari ya namna hiyo. Ila wao hawakuwa wakikimbia. Walikwenda kumwomba gavana mwalimu.

Mmisionari wa Kianglikana alifika mwaka huohuo, na mwaka 1833 chifu akabatizwa. Hata hivyo ubatizo haukumfanya mtu wa kuitikia kila neno. Serikali ilipowapa watu vibali vya kuchimba madini bila kupatana na wenye ardhi, yeye na wenzake waliufunga mgodi wa Mica Bay mwaka 1849. Walikamatwa, kisha wakaachiliwa. Mwaka 1850 mkataba ukatiwa sahihi.

Alitaka watoto wapate elimu ya wazungu na wabaki Waojibwe. Alifariki mwaka 1854 kabla ya kuiona shule ya bweni.

Mwanawe Augustine aliendelea na kazi. Mwaka 1871 alifuatana na Mchungaji Edward Wilson kwenda Toronto kuomba michango makanisani. Shule ikajengwa Garden River, kijijini kwao, ikafunguliwa Septemba 1873. Baada ya siku sita ikateketea kwa moto! Ikajengwa nyingine Sault Ste. Marie, ikafunguliwa mwaka 1875 kwa jina la Shingwauk.

Hapa tunaandika kwa huzuni, maana waliofanya haya ni watu wa kanisa. Shule iliyoombwa na wazazi iliondoka mikononi mwao. Watoto walikatazwa lugha yao, wakatengwa na jamaa zao miaka mingi, na wengine walifia huko. Makaburi yao yapo mpaka leo. Kanisa la Anglikana la Kanada liliomba msamaha mwaka 1993, na serikali mwaka 2008.

Shule ilifungwa mwaka 1970. Mwaka 1981 waliosoma pale walirudi wakakutana. Jengo lile sasa ni la chuo kikuu, na humo wanafunzi wale wa zamani wamekusanya picha na majina ya wenzao, ili kila jamaa ipate kuwajua watoto wake.