James Joyce: Mwana wa Dublin aliyezikwa ugenini

Mkataa kwao ni mtumwa, walisema wahenga. Methali hiyo niliisikia mara nyingi utotoni, katika makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu, mkoani Tabora, ambako nilizaliwa miaka saba baada ya wazazi wangu kuikimbia Rumonge mwaka 1972. Mwaka 2007, tulipotakiwa kuchagua kati ya kurejea Burundi na kuomba uraia wa Tanzania, mimi nilichagua kurudi. Baba alichagua kubaki. Kwa hasira ya ujana nilimtupia methali hiyo, yeye mzazi wangu.

Aliyenifundisha kuyaonea haya maneno yale ni mtu aliyekufa miaka mingi kabla sijazaliwa, na wala hakuwahi kukanyaga Afrika. Ni mwandishi James Joyce, mzaliwa wa Dublin, mji mkuu wa Ayalandi.

Joyce alizaliwa Februari 2, 1882, katika kitongoji cha Rathgar, wakati Ayalandi yote ikiwa chini ya utawala wa Uingereza. Baba yake, John, alikuwa mtoza kodi, mcheshi, mwimbaji hodari na mlevi wa kupindukia. Alirithi nyumba katika mji wa Cork, akaziweka rehani moja baada ya nyingine mpaka zikamwishia mikononi. Mwaka 1888 mwanawe alipelekwa Clongowes Wood, shule ya bweni ya mapadri Wajesuiti, kukaa na watoto wa wenye nacho. Baada ya miaka michache alitolewa kwa kukosa ada. Baadaye Wajesuiti hao hao walimpokea bure katika shule yao ya Belvedere, mjini Dublin.

Familia ile ya watoto kumi ikawa ya kuhamahama, leo mtaa huu, kesho ule, ikikimbia madeni ya kodi ya nyumba. Hivyo ndivyo Joyce alivyoijua Dublin. Aliijua kwa miguu: madaraja ya mto Liffey, makanisa, baa, maduka ya rehani, na vichochoro ambavyo wenye nacho hawakupita.

Chuo Kikuu alisoma lugha, akamaliza mwaka 1902. Wenzake wengi walikuwa mbioni kuifufua lugha ya mababu zao. Yeye alijifunza Kinorwe ili amsome Ibsen, mwandishi wa tamthilia aliyemhusudu. Desemba mwaka huo alikwenda Paris kusomea udaktari, lakini Aprili 1903 aliitwa kwa simu ya maandishi: mama yake alikuwa mahututi. Mama alifariki Agosti, na nyumba ikazidi kusambaratika.

Juni 1904 alikutana na Nora Barnacle, msichana kutoka Galway aliyekuwa mhudumu wa vyumba katika hoteli moja ya Dublin. Juni 16 walitoka matembezi kwa mara ya kwanza. Oktoba waliondoka pamoja kwenda Ulaya bara, bila ndoa na bila akiba. Ndoa walikuja kuifunga mwaka 1931, watoto wao wawili wakiwa watu wazima.

Hapa ndipo mimi, mwalimu wa Kiingereza, nilipoanza kumwona kama jirani. Joyce alifundisha Kiingereza katika mji wa Pola, kisha Trieste, bandari iliyokuwa ya dola la Austria na Hungaria. Mshahara ulikwisha kabla ya mwezi, akawa mtu wa kukopa. Mdogo wake, Stanislaus, alimfuata Trieste mwaka 1905, akawa ndiye mlipaji wa madeni ya kaka yake.

Huko ugenini hakuandika habari za Trieste. Aliandika Dublin tupu. Kitabu chake cha hadithi fupi, Dubliners, alianza kukipeleka kwa wachapishaji mwaka 1905. Walikiogopa, maana kilitaja baa na maduka kwa majina yake halisi. Mwaka 1912 alikwenda mwenyewe Dublin kukipigania, lakini mpiga chapa akaziharibu kurasa zilizokwisha kuchapwa. Joyce aliondoka kwa uchungu. Alikuwa na umri wa miaka 30, na hakurudi tena Ayalandi hadi alipoingia kaburini. Kitabu hicho kilitoka London mwaka 1914.

Mwaka huo huo alianza Ulysses, kitabu kilichompa jina duniani. Alikiandika kwa miaka saba, Trieste, Zurich na Paris, katikati ya vita kuu na maradhi ya macho yaliyomlaza kwenye meza ya upasuaji mara nyingi. Kitabu kizima ni siku moja tu ya Dublin, Juni 16, 1904, tarehe ya yale matembezi yake na Nora. Mhusika mkuu, Leopold Bloom, ni mtu wa kawaida anayetafuta matangazo ya gazeti. Tunamfuata akila, akienda mazikoni, akizunguka mjini hadi usiku wa manane. Kilichapishwa Paris na Sylvia Beach, mwenye duka la vitabu, Februari 2, 1922, siku Joyce alipotimiza miaka 40. Marekani walikizuia kwa madai ya matusi mpaka mahakama ilipokiruhusu mwaka 1933.

Mtu ataandikaje mji asiouona? Joyce alitumia kitabu cha anwani za Dublin cha mwaka 1904, na alipokwama aliwaandikia barua ndugu zake. Mwaka 1921 alimwuliza mke wa mjomba wake, Josephine, kama mtu wa kawaida anaweza kuupanda uzio wa chuma wa nyumba namba 7, mtaa wa Eccles, akajishusha upande wa pili bila kuumia. Alitaka jibu la hakika, kwa sababu Bloom angefika nyumbani hapo usiku bila ufunguo.

Niliposoma habari ya barua hiyo, nikiandaa somo hapa Rumonge, niliweka kalamu chini. Nilimkumbuka baba.

Joyce hakurudi hata baba yake alipofariki Desemba 1931. Nchi yake ilipata uhuru mwaka 1922, naye akaendelea kubeba pasipoti ya Uingereza. Alifariki Zurich Januari 13, 1941, baada ya kupasuliwa tumbo, akazikwa huko huko katika makaburi ya Fluntern. Nora aliomba mwili urudishwe nyumbani, serikali ya Ayalandi haikukubali. Leo Dublin ina sanamu yake na daraja lenye jina lake, na kila Juni 16 watu hupita mitaani wakifuata nyayo za Bloom. Mwenyewe bado yuko Zurich.

Je, alikataa kwao? Mtu anayeuliza urefu wa uzio miaka tisa baada ya kuuacha mji hajaukataa.

Niliporudi mwaka 2009 nilikuta shamba letu lina watu wengine. Baba alinipigia simu kutoka Ulyankulu. Hakuuliza habari za shamba. Aliuliza kama ukisimama mlangoni pa nyumba ya zamani ziwa bado linaonekana, au michikichi imeliziba. Kwa hasira nilimjibu aje aone mwenyewe. Hakuuliza tena. Alifariki mwaka 2013, akazikwa Ulyankulu.

Baada ya somo lile la Joyce nilikwenda kumwomba mwenye nyumba wa sasa aniruhusu nisimame mlangoni pake. Aliniruhusu, akaniletea na kigoda.

Michikichi imekua, baba. Lakini upande wa kushoto, kati ya miti miwili, ziwa linaonekana.