Mama Zélie na Binti Aliyemshinda



Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yesu mnamjua vizuri. Baadhi yenu mmewapa binti zenu jina lake. Mama yake, Zélie Martin, hamumjui sana, ingawa naye alitangazwa Mtakatifu pamoja na mumewe Louis tarehe 18 Oktoba 2015. Leo sitawasimulia habari za Teresia, mtoto aliyekuwa rahisi kupendwa. Nawaletea habari za mama huyo na binti yake wa tatu, Léonie, aliyemtoa machozi.

Zélie alizaliwa Ufaransa mwaka 1831. Mama yake alikuwa mkali, hata mwanasesere wa kuchezea hakumpa. Alitaka utawa, akakataliwa. Basi akajifunza kufuma lesi katika mji wa Alençon, akafungua kazi yake mwenyewe, na mwaka 1858 akafunga ndoa na Louis, fundi wa saa. Walijaliwa watoto tisa, wakazika wanne, wawili kati yao katika mwaka mmoja wa 1870. Ninyi mliowahi kuzika mtoto hamhitaji maelezo yangu.

Léonie alizaliwa mwaka 1863. Tangu uchanga alikuwa mgonjwa mgonjwa, kisha akawa mzito wa masomo na mkaidi. Dada zake wakubwa walisoma bweni kwa Masista wa Visitasio huko Le Mans, alikokuwa mama yao mkubwa, dada yake Zélie. Léonie alipopelekwa huko, alirudishwa nyumbani. Mama alijaribu upole, akajaribu ukali, akabaki kusali tu.

Mapema mwaka 1877 mama mkubwa yule alikuwa kitandani akingoja kifo. Zélie, ambaye mwenyewe alikwisha kuambiwa kwamba uvimbe wa titi lake hauponi, alimwomba kwamba akifika mbinguni amwombee Léonie. Sista akafariki mwezi wa Februari. Wiki chache tu baadaye Marie, kifungua mimba, aligundua jambo: mtumishi wa nyumbani, aliyekaa nao miaka mingi na kuaminiwa na wote, alikuwa akimtawala Léonie kwa vitisho, na mtoto aliogopa kusema. Haya yalitendeka katika nyumba ya sala, mama akiwa papo hapo, ameinamia lesi zake.

Sisemi wasichana wa kazi ni wabaya. Wengi wanatulelea watoto vizuri, na mara nyingi wao ndio wanaoonewa. Ninalotaka mlione ni namna neema ilivyofanya kazi. Zélie aliomba mtoto abadilike. Mungu akaanza kwa kumfumbua macho mama. Léonie hakuwa na moyo wa jiwe. Alikuwa na hofu.

Zélie alimkataza mtumishi kumwamuru tena binti huyo, akamweka karibu naye. Mtoto aliyekuwa akimkwepa mama sasa hakubanduka ubavuni pake. Na mama aliyekwisha kukubali kufa akatamani kuishi, kwa ajili ya mtoto huyu hasa. Mwezi wa Juni alihiji Lourdes pamoja na binti zake watatu wakubwa, Léonie akiwemo. Hakupona. Alifariki tarehe 28 Agosti 1877, akiwa na miaka 45. Walipata miezi mitano hivi ya kupendana bila kizuizi.

Usiku wa leo, watoto wakisha lala, mtajeni yule ambaye nyumbani mwenu huitwa mtundu au mkaidi. Baba, wewe uanze. Ulizaneni anashinda na nani mchana kutwa, na lini mara ya mwisho alizungumza na mmoja wenu bila kukemewa.

Léonie alijaribu utawa mara tatu, na mara tatu akatoka. Mwaka 1899 aliingia tena kwa Masista wa Visitasio, mjini Caen, akadumu humo mpaka alipofariki mwaka 1941, akiwa na miaka 78. Mwaka 2015 Kanisa lilianza kuyachunguza maisha yake, ili kuona kama naye aweza kutangazwa Mtakatifu.