Walimcheka Clinton, mtaro ukalipa

Kabla hujacheka ndoto ya mtu, hebu mjue DeWitt Clinton. Alizaliwa 1769, akawa meya wa New York, kisha gavana wa jimbo mwaka 1817. Ndoto yake? Kuchimba mfereji wa kilomita 584 kutoka Albany hadi Buffalo, uunganishe Mto Hudson na Ziwa Erie. Watu walicheka, wakauita mtaro wa Clinton. Serikali kuu ikakataa kuchangia, jimbo likakopa.

Kazi ilianza Julai 4, 1817, kwa sururu, farasi na baruti. Wahandisi wakuu hawakusomea uhandisi popote, walijifunzia papo hapo. Mwaka 1824 wapinzani wakamtimua kwenye tume ya mfereji, na hata mshahara hakuwa anapata! Wapiga kura walikasirika, wakamrudisha ugavana mwaka huo huo.

Mfereji ulikamilika 1825. Kusafirisha tani moja kutoka Buffalo hadi New York kulikuwa kama dola 100. Bei ikashuka chini ya 10. Rochester na Syracuse zikageuka kutoka vijiji hadi miji. Ushuru wa mashua ukalipa deni. Lakini Wahaudenosaunee, wenyeji wa huko, walipokonywa ardhi.

Clinton mwenyewe? Alifariki 1828 na madeni tele. Akazikwa kwenye kaburi la familia ya rafiki.

Kwa hivyo msee, mradi ukizinduliwa kwenu, usimtazame anayekata utepe. Uliza bei gani imeshuka, na nani amehamishwa.