Cornelis Lely: Mhandisi aliyeifunga bahari asiishuhudie siku ya kufungwa

Na Mwandishi Wetu

MWENDESHA baiskeli anayetoka Den Oever, kaskazini mwa Uholanzi, kuelekea jimbo la Friesland hana mlima wa kupanda wala bonde la kuteremka. Mbele yake lipo tuta la bahari lenye urefu wa kilomita 32, lililonyooka kana kwamba limechorwa kwa rula. Kushoto kwake ni Bahari ya Wadden yenye maji ya chumvi, na kulia ni ziwa la maji baridi.

Adui yake ni mmoja tu, nao ni upepo. Ukimjia kwa nyuma, safari huwa nyepesi. Ukiwa wa mbisho, kilomita hizo 32 humchosha mtu mwenye mapafu imara, kwa kuwa mahali pa kujikinga ni pachache.

Tuta hilo huitwa Afsluitdijk, yaani tuta la kufungia. Aliyelibuni ni Cornelis Lely, mhandisi na mwanasiasa aliyelipigania kwa zaidi ya miaka 30, akafariki dunia kabla halijakamilika.

Lely alizaliwa Amsterdam Septemba 23, 1854. Alisomea uhandisi wa ujenzi katika mji wa Delft na kuhitimu mwaka 1875. Wakati huo katikati ya nchi yake kulikuwa na ghuba pana na yenye kina kifupi iliyoitwa Zuiderzee, maana yake Bahari ya Kusini.

Ghuba hiyo iliwalisha maelfu ya wavuvi, lakini pia iliua. Dhoruba kutoka kaskazini-magharibi ilipokutana na maji kujaa, mawimbi yaliyavunja matuta ya udongo na kuingia vijijini na mashambani. Mwaka 1859, Lely akiwa mtoto, wakazi wa kisiwa cha Schokland waliamriwa na Serikali kukihama, kwa kuwa bahari ilikuwa ikikimega na maisha hapo yalikuwa ya shida mno.

Fikra ya kuifunga Zuiderzee ilikuwapo kabla ya Lely. Kilichokosekana ni mtu wa kuigeuza kuwa hesabu, michoro na gharama. Mwaka 1886 iliundwa jumuiya ya kuchunguza jambo hilo, naye akaajiriwa kuwa mhandisi wake. Alipima kina cha maji, akachunguza udongo wa chini ya bahari na kuandika ripoti moja baada ya nyingine.

Mwaka 1891 mpango wake ulikuwa tayari. Alipendekeza tuta moja kubwa lijengwe kwenye mdomo wa ghuba, likiwa na milango ya kutolea maji ya mito kwenda baharini. Nyuma ya tuta hilo lingebaki ziwa, na sehemu zenye udongo mzuri zingezungushiwa matuta mengine, maji yakavutwa kwa pampu na ardhi ikalimwa.

Mwaka huohuo, akiwa na umri wa miaka 36, Lely aliteuliwa kuwa waziri mwenye dhamana ya maji na ujenzi. Tume ya Serikali ilipomaliza kazi yake mwaka 1894 iliunga mkono mpango wake, lakini baraza la mawaziri lilikuwa likielekea kuvunjika, naye akaondoka madarakani bila sheria.

Alirudi kwenye wizara hiyo kati ya mwaka 1897 na 1901, na kwa mara nyingine muda haukutosha. Kuanzia mwaka 1902 hadi 1905 alikuwa Gavana wa Suriname, koloni la Uholanzi huko Amerika ya Kusini, ambako alishughulikia ujenzi wa reli. Mji wa Lelydorp nchini humo bado una jina lake.

Mwaka 1913 aliteuliwa kuwa waziri kwa mara ya tatu, safari hii Serikali ikitangaza kwamba Zuiderzee itafungwa. Mwaka uliofuata Vita Kuu ya Kwanza ililipuka Ulaya na mambo yakasimama tena.

Hatimaye bahari yenyewe ndiyo iliyoamua. Usiku wa Januari 13 kuamkia 14, 1916, dhoruba iliyavunja matuta katika sehemu nyingi kuizunguka ghuba. Maji yalifunika ardhi kubwa, mifugo ikafa, na katika kisiwa kidogo cha Marken watu walizama ndani ya makazi yao. Upungufu wa chakula uliosababishwa na vita ukaongeza hoja ya pili, kwamba nchi ilihitaji mashamba mapya. Juni 14, 1918 sheria ya kuifunga Zuiderzee ilitiwa saini, miaka 27 tangu Lely akamilishe mpango wake.

Si wote walioshangilia. Kwa wavuvi, sheria hiyo ilikuwa hukumu. Heringi na samaki wengine wa maji ya chumvi wasingeweza kuishi ziwani, na mashua, nyavu na ujuzi uliorithiwa toka kwa mababu vingepoteza thamani. Mwaka 1925 ilitungwa sheria ya kuwasaidia walioathirika. Hata hivyo, fedha ni jambo moja, na mtu kuacha kazi aliyofundishwa na baba yake ni jambo jingine.

Palikuwa pia na swali la kitaalamu. Je, maji yaliyozoea kuingia ghubani yangekwenda wapi baada ya njia kuzibwa? Mwaka 1918 Lely alihakikisha kuwa inaundwa tume chini ya mwanafizikia Hendrik Lorentz, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1902. Tume hiyo ilifanya hesabu kwa miaka minane. Ikaonyesha kuwa maji yangepanda zaidi nje ya tuta, na kwa sababu hiyo matuta ya pwani jirani yaliinuliwa. Lorentz naye hakuuona mwisho wa kazi hiyo, kwani alifariki dunia mwaka 1928.

Kazi kubwa ya tuta ilianza mwaka 1927. Mafundi walisuka majamvi mapana ya matawi ya mierebi, wakayazamisha kwa mawe ili mkondo usile mchanga wa chini. Juu yake walimwaga udongo mgumu wa mfinyanzi uliochanganyika na mawe, uliochimbwa kutoka sakafu ya bahari hiyohiyo.

Januari 22, 1929, Lely alifariki dunia mjini The Hague akiwa na umri wa miaka 74. Wakati huo tuta lilikuwa bado vipande vipande na bahari ilikuwa ikipita katikati yake. Pengo la mwisho lilizibwa Mei 28, 1932. Zuiderzee ikatoweka katika ramani, na mahali pake likazaliwa ziwa IJsselmeer.

Septemba 1933 barabara ya juu ya tuta ilifunguliwa. Lely alikuwa ameacha nafasi ya reli, ambayo haikujengwa kamwe. Waliopita kwa baiskeli walikuta jambo la kushangaza. Njia yao ilikuwa upande wa ziwa, chini ya kilele cha tuta, hivyo waliisikia bahari bila kuiona, hadi washuke na kupanda juu. Mwaka 2019 njia hiyo ilifungwa ili kupisha ukarabati mkubwa wa tuta, na mpango wa kazi hiyo ulijumuisha njia mpya ya baiskeli upande wa bahari.

Kipimo kigumu kilikuja usiku wa Januari 31 kuamkia Februari 1, 1953. Dhoruba iliwaua watu 1,836 nchini Uholanzi, wengi wao katika jimbo la Zeeland na maeneo jirani ya kusini-magharibi, mbali na tuta la Lely. Kaskazini, Afsluitdijk lilisimama imara. Baada ya msiba huo kusini nako kulijengwa kinga za bahari, ukiwamo ukuta wenye milango wa Oosterschelde, uliozinduliwa mwaka 1986.

Kinga hizo za kusini zimekuwa viwanja maarufu vya baiskeli. Tangu mwaka 2013 hufanyika juu ya ukuta wa Oosterschelde mashindano ya kupambana na upepo wa mbisho kwa kilomita 8.5, yakitumia baiskeli za kawaida zisizo na gia. Mwaka 2015 hatua ya pili ya Tour de France iliishia hapo. Upepo na mvua viliwagawa waendeshaji, waliozoea kujipanga mshazari ili kukingana. Mjerumani André Greipel alishinda, huku mabingwa wa milimani Nairo Quintana na Vincenzo Nibali wakipoteza karibu dakika moja na nusu katika ardhi isiyo na kilima.

Ndani ya ziwa, ndoto ya Lely ilitimia karibu yote. Wieringermeer ilikauka mwaka 1930, Noordoostpolder mwaka 1942, na Flevoland kwa awamu mbili, mwaka 1957 na 1968. Eneo moja tu, Markerwaard, liliachwa kuwa maji. Mji wa Lelystad, uliopewa jina lake, ulipokea wakazi wa kwanza mwaka 1967, na sasa ndio makao makuu ya jimbo la Flevoland.

Leo mtu anaweza kuendesha baiskeli siku nzima juu ya iliyokuwa sakafu ya bahari, mita kadhaa chini ya usawa wa maji. Katikati ya mashamba ya Noordoostpolder atakiona kiinuko kidogo cha ardhi. Hicho ni Schokland, kisiwa ambacho watu walikikimbia mwaka 1859.

Wavuvi wa Zuiderzee walilipa gharama ya usalama huo, na haki inadai wakumbukwe pamoja na mhandisi wao. Lely hakupita juu ya tuta lake, kwa mguu wala kwa gurudumu. Lakini kila anayelivuka akipambana na upepo huacha nyuma yake, upande wa pili wa ziwa, watu wanaolala bila hofu ya maji.