Padre Sacleux na Nyakati za Kitenzi

Mwalimu anayejiandaa kufundisha Kiswahili katika shule ya msingi hana budi kumjua Padre Charles Sacleux, aliyeishi katika pwani yetu kwa takriban miaka ishirini.

Sacleux alizaliwa mwaka 1856 kaskazini mwa Ufaransa, akawa padre wa Shirika la Roho Mtakatifu. Alifika Afrika Mashariki mwaka 1879, akafanya kazi Zanzibar na Bagamoyo, ambako shirika lake lilikuwa limefungua misheni mwaka 1868.

Kama mapadre wote wa enzi zile, alikuwa amesoma Kilatini. Katika lugha hiyo wakati hutambuliwa mwishoni mwa kitenzi: amo ni ninapenda, amabam ni nilikuwa nikipenda, amabo ni nitapenda. Katika Kiswahili alama hukaa kati ya nafsi na mzizi: ni-na-penda, ni-li-penda, ni-ta-penda.

Hata hivyo, Sacleux hakuivalisha lugha yetu joho la Kilatini. Alisikiliza wenyeji, akaandika lahaja za mwambao na visiwa, akionyesha kila neno ni la wapi. Ni katika lahaja za kaskazini na tungo za kale ndipo tunapokuta nipete, yaani nimepata, ambapo wakati hujulikana mwishoni.

Alirudi Ufaransa mwaka 1898. Sarufi yake ya lahaja za Kiswahili ilitoka mwaka 1909, na kamusi yake kubwa ya Kiswahili kwa Kifaransa mwaka 1939, wakati Kiunguja kilikwisha kuteuliwa kuwa msingi wa Kiswahili Sanifu. Alifariki mwaka 1943.

Tujifunze nini darasani? Kwanza, chora ubaoni safu tatu: nafsi, wakati, mzizi. Wanafunzi wapange anasoma, alisoma, amesoma, atasoma. Kisha wakanushe: hasomi, hakusoma, hajasoma, hatasoma. Watagundua kuwa katika hasomi alama ya -na- imetoweka na irabu ya mwisho imegeuka. Mtoto anayeandika hanasoma si mzembe. Amefuata kanuni uliyomfundisha, ila hajaonyeshwa mpaka wake.

Pili, mtoto akileta umbo la nyumbani kwao, muulize maana yake kabla ya kutia alama ya kosa. Mpe umbo sanifu, kwani ndilo atakalotahiniwa, lakini usimwambie kuwa bibi yake hajui Kiswahili. Mgeni yule alijifunza kwa mabibi kama hao.