Raymond Isidore

Raymond Isidore (Chartres, Ufaransa, 8 Septemba 1900 – Chartres, 7 Septemba 1964) alikuwa mfagiaji wa makaburi aliyepamba nyumba yake yote kwa mozaiki ya vigae, yaani vipande vya sahani, vikombe na vioo vilivyovunjika. Anafahamika zaidi kwa jina la utani la Picassiette, na nyumba yake huitwa Maison Picassiette.

Maisha

Alizaliwa katika familia maskini yenye watoto wengi. Mji wa Chartres, ulio takriban kilomita 90 kusini magharibi mwa Paris, unasifika kwa kanisa kuu lake lenye madirisha ya vioo vya rangi. Isidore hakusomea sanaa. Mwaka 1924 alimwoa Adrienne, mjane aliyemzidi umri kwa miaka 11 na aliyekuwa na watoto watatu. Miaka michache baadaye alinunua kiwanja pembeni mwa mji, katika mtaa wa Rue du Repos, akajenga kwa mikono yake nyumba ndogo ya familia hiyo. Alifanya kazi mbalimbali za kipato kidogo, na mwaka 1949 akawa mfagiaji katika makaburi ya Saint-Chéron, karibu na kwake.

Kazi ya mozaiki

Mwaka 1938, akitembea mashambani, alivutiwa na mng'ao wa vipande vya vioo na kaure vilivyotupwa. Alianza kuviokota kwa sababu ya rangi zake tu, akavirundika bustanini. Baadaye ndipo alipopata wazo la kuvitumia. Kuanzia hapo alitafuta vigae majalalani na kuvipachika kwenye saruji mbichi.

Alianza na vyumba vya ndani. Hata samani, jiko na cherehani ya mkewe vilifunikwa kwa vigae. Kisha alihamia kwenye kuta za nje, nyua na vijia vya bustani. Aliongeza kikanisa kidogo chenye rangi ya buluu, kiti cha enzi, na ukuta wenye picha ya mji wa Yerusalemu. Kanisa kuu la Chartres linaonekana mara nyingi katika picha zake. Kazi hiyo aliifanya baada ya saa za ajira, kwa zaidi ya miaka 20.

Jina la Picassiette

Majirani wengi walimwona kama mtu asiye na akili timamu, wakamcheka kwa kuokota takataka. Jina la Picassiette linatokana na neno la Kifaransa lenye maana ya mdoezi, mtu anayekula kwa wengine bila kualikwa. Linachanganya pia jina la mchoraji Picasso na neno la Kifaransa la sahani. Hivyo jina hilo lilikuwa la dhihaka, ingawa kabla ya kufa kwake tayari wageni walikuwa wakifika kuitazama nyumba yake.

Baada ya kifo

Isidore alifariki siku moja kabla ya kutimiza miaka 64. Mji wa Chartres uliinunua nyumba hiyo mwaka 1981, na mwaka 1983 serikali ya Ufaransa iliiorodhesha kuwa jengo la kihistoria linalolindwa kisheria. Leo ni makumbusho yaliyo wazi kwa umma, na bado yanaitwa kwa jina lile lile alilochekwa nalo.